Mto wa Tana na Wenyeji Wake: Gharika, Skimu na Haki ya Maji

Mto wa Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita nchi kavu ya mashariki, na baada ya mwendo wa karibu kilomita 1,000 ukaingia Bahari ya Hindi katika ghuba ya Ungwana. Habari zake zimeandikwa mara nyingi na wahandisi, na mara chache na wanahistoria. Wahandisi waliupima kwa mita za ujazo na kwa kilowati, na katika vipimo hivyo watu wa kandokando yake walionekana ama kuwa vibarua ama kuwa kizuizi. Kwa muda wa miaka sabini na zaidi skimu baada ya skimu imeletwa bondeni ili kutia maji katika nchi iliyohesabiwa kuwa tupu na kame. Nchi hiyo haikuwa tupu. Wala haikukosa kilimo cha maji, maana mto wenyewe uliitia maji mara mbili kila mwaka, na juu ya desturi hiyo ya mto watu wa lugha mbalimbali walikuwa wamejenga mashamba yao, malisho yao na mapatano yao. Kasoro kubwa ya skimu za Tana ni kwamba gharika haikuhesabiwa kuwa kazi ya mtu, na kwa hiyo haikuhesabiwa kuwa haki ya mtu.

Yafaa kwanza kuwataja watu hao. Kandokando ya mto, tangu karibu na Garissa hadi baharini, wamekaa Wapokomo, wakulima na wavuvi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Wataalamu huiweka pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kingazija na ndugu zake wa Komoro, na Kiilwana, katika jamii iitwayo Sabaki, kwa jina la mto mwingine wa jirani. Juu zaidi wako Wailwana, waitwao pia Wamalakote, Wabantu ambao lugha yao imepokea mengi kutoka kwa majirani wao wasemao Kioromo, hata Derek Nurse akaichagua pamoja na Kidaiso kuwa mifano miwili ya kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya urithi na mgusano wa lugha. Wamunyoyaya ni wavuvi na wakulima wa ukingoni, nao husema lahaja ya Kioromo. Waorma ni wafugaji wa ng'ombe wa nyika ya pande zote mbili. Na Wawata, waliokuwa wawindaji mashuhuri wa tembo kwa upinde, husema lugha iliyo karibu na ile ya Waorma. Mtu akiisoma orodha hii kwa makini ataona kwamba mto haukuzitenga lugha hizi bali ulizikutanisha. Kule walikokutana watu kwa ajili ya maji, ndiko maneno nayo yalikovuka.

Neno moja lastahili kuelezwa kwa urefu, nalo ni malka. Kwa Waorma malka ni kivuko, au mahali pa kunyweshea. Lakini katika matumizi ya bonde lote limekuwa na maana ya njia nzima ambayo ng'ombe hupita kutoka nyikani hadi ukingoni, katikati ya mashamba ya Wapokomo. Kila malka ina jina lake na ina watu wanaojulikana kuitunza. Mkulima hapandi ndani yake, na mfugaji hatoki nje yake. Mashamba ya Wapokomo yalikatwa kuwa vipande virefu vyenye kuanza majini na kuishia mbali na mto, ili kila ukoo upate sehemu ya ukingo ulioinuka, ambapo migomba na miembe husimama, na sehemu ya bonde la nyuma, ambapo maji ya gharika hutuama na mpunga huota. Mafuriko yalifika baada ya mvua za masika, kati ya Aprili na Juni, kisha tena baada ya vuli, mnamo Novemba na Desemba. Maji yalipopungua, mahindi na maharage yalipandwa katika tope alililoliacha mto. Na wakati wa kiangazi, nyika ilipokauka, ng'ombe wa Waorma walishuka katika malisho ya Delta ambayo gharika hiyo hiyo ilikuwa imeyaotesha. Samadi ilibaki, maziwa yakabadilishwa kwa nafaka. Isidhaniwe kwamba ilikuwa paradiso. Magomvi yalikuwapo, na mwaka ambao gharika haikuja ulikuwa mwaka wa njaa. Lakini palikuwa na mabaraza ya kuyatatua, Gasa ya wazee wa Kipokomo na Matadheda ya wazee wa Kiorma, nayo yalijua habari ya kila shamba na ya kila malka. Ngoma kuu ya Wapokomo, ngadzi, ambayo mlio wake ulikuwa na mamlaka juu ya watu wote, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London.

Jambo la kwanza kubwa lililotendwa na mikono ya watu katika mto huu halikutendwa na Wazungu. Katika karne ya 19, zama za watawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belazoni ili kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ambao mdomo wake uko Kipini. Makusudi yalikuwa ya biashara, yaani mitumbwi yenye nafaka ipate kufika Kau na Kipini bila taabu, na kutoka huko vyombo viende Lamu. Lakini mto haukuridhika kuazimwa kidogo. Maji yaliupanua mfereji mwaka baada ya mwaka, hata mkondo mkuu ukahamia huko, na mdomo wa kale, uliokuwa kusini zaidi, ukapungukiwa maji. Delta ya leo, katika sehemu yake ya mwisho, ni kazi ya jembe la watu wa Witu pamoja na ukaidi wa mto. Wahandisi wa baadaye wangeweza kupata fundisho katika Belazoni, kwamba katika tambarare ile mfereji mdogo huhamisha riziki za watu walio mbali na machimbo. Lakini yaonekana fundisho hilo halikuwahusu.

Serikali ya kikoloni ilikuja na sheria mbili ambazo athari zake zilidumu kuliko yenyewe. Ya kwanza ni ile ya ardhi ya mwaka 1915, iliyoihesabu ardhi ya Waafrika kuwa ardhi ya Taji. Ya pili ni kanuni ya maji, kwamba maji yote ya mito ni ya serikali, na anayetaka kuyatumia hana budi kuomba kibali. Kwa mtu wa Ngao au wa Hola kanuni hii haikuwa na maana yo yote katika siku zake za kawaida, kwa sababu hakuteka maji ya mto kwa mfereji wala kwa pampu. Maji yalimjia mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Sheria ilimjua mwenye pampu, wala haikumjua mwenye kungoja gharika. Siku ambayo mwenye pampu na mwenye bwawa wangetokea, wangekuwa na karatasi, na yule mwingine angekuwa na desturi tu. Wawata walikuwa wameonja mapema zaidi uchungu wa aina hiyo, kwani mwaka 1948 nchi yao ya uwindaji iligeuzwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na kazi ya babu zao ikawa jinai.

Skimu ya kwanza ya serikali katika bonde la chini ilianzishwa Hola katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari. Haikuanzishwa kwa ajili ya Wapokomo wala Waorma. Ilikuwa kambi ya watu wa bara waliozuiliwa bila hukumu kwa sababu ya Mau Mau, nao walitakiwa kuchimba mifereji. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walitolewa kambini wakaamrishwa kufanya kazi. Walipokataa, walipigwa na askari, na 11 kati yao wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi ulibainisha kwamba walikufa kwa kupigwa, na usiku wa tarehe 27 Julai jambo hilo lilijadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza. Habari hiyo ya mauaji yajulikana sana, na ni haki ijulikane. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mifereji ile ilichimbwa katika nchi ya watu wengine ambao hawakuulizwa neno. Waliolazimishwa kuchimba na walionyang'anywa mahali pa kuchimbia walikuwa wote raia wa nchi moja iliyokuwa ikingojea uhuru, na hawakupata nafasi ya kusemezana.

Kambi ilipofungwa, skimu ilibaki, na wakulima wakaandikishwa kulima pamba humo, Wapokomo wengi miongoni mwao. Lakini waliingia kwa masharti gani? Kanuni za mwaka 1962 juu ya sehemu za kilimo cha maji katika ardhi za amana zilimfanya mkulima kuwa mwenye leseni, si mwenye shamba. Meneja alimwambia apande nini na lini, mazao aliyauza kwa njia aliyoelekezwa, na akiasi aliweza kuondolewa. Mwaka 1966 ilipoundwa Halmashauri ya Taifa ya Kilimo cha Maji, masharti hayo yaliendelea kwa jina jipya. Basi mtu aliyekuwa na shamba la ukoo mtoni alihama hatua chache tu akawa mpangaji wa serikali katika nchi ya babu zake. Ni ajabu ya historia kwamba wakati huo huo, mwaka 1963, lahani ya bembelezi ya Wapokomo ilikuwa imechaguliwa kuwa msingi wa wimbo wa taifa. Skimu ya Hola, ambayo haikupata kufika hekta 1,000, iliendelea hadi mwaka 1989. Mwaka huo mto ulihama mkondo wake, pampu zikabaki mbali na maji, na pamba ikafa. Ilichukua miaka mingi kabla ya skimu hiyo kufufuliwa.

Huku nyuma mambo makubwa zaidi yalikuwa yakitendeka juu ya mto, mahali ambapo Mpokomo wa Delta hafiki. Mabwawa ya umeme yalijengwa mmoja baada ya mwingine, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga, lililo la kuhifadhi maji, laweza kuzuia zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Umeme huo uliwasha taa za Nairobi na viwanda vyake, na faida yake kwa taifa haikataliki. Lakini kazi ya bwawa la kuhifadhi ni kuyashika maji ya masika na kuyatoa polepole mwaka mzima, yaani kuusawazisha mto. Na mto uliosawazishwa ni mto usio na gharika. Mafuriko ya wastani, yale ya kuotesha mpunga na nyasi, yalipungua. Yale makubwa ya kuangamiza hayakuzuiwa, kwa maana mvua ikizidi, mabwawa hujaa na kumwaga, na maji hushuka kwa nguvu ya ghafla. Ndivyo ilivyoonekana mwaka 2018, 2020 na 2024. Wenyeji wa chini walipoteza gharika iliyowalisha, wakabakiwa na ile iliyowafukuza. Kwa hasara ya namna hii hakuna fidia iliyowahi kukadiriwa wakati wa kujenga, kwa sababu hakuna nyumba ya Mpokomo iliyozama. Watu waliohamishwa kwa bwawa huonekana na huhesabiwa. Waliohamishiwa maji yao hawaonekani.

Bura ndiyo skimu iliyokuwa na matumaini makubwa kuliko zote, na habari yake ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mkopo wa Benki ya Dunia uliidhinishwa mwaka 1977, na wafadhili wengine wa Ulaya wakajiunga. Ilikusudiwa kulimwa hekta 6,700 za pamba na mahindi, na kukalishwa familia zipatazo 5,150, magharibi ya mto. Wakulima walichaguliwa kutoka wilaya nyingi za Kenya, hasa maskini wasio na ardhi, na wa kwanza waliwasili mwaka 1981. Nia hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo ardhi waliyopewa ilikuwa malisho ya Waorma na ya wafugaji wengine, na mfereji mkuu, uliotoka kwenye pampu za Nanigi, ulipita kati ya nyika na mto kama ukuta. Ramani za wapangaji zilionyesha udongo kwa rangi mbalimbali, kila daraja na rangi yake; malka hazikuwa na rangi. Gharama zilipanda kupita kiasi, na kazi ilipokoma zilikuwa zimelimwa hekta 2,500 hivi tu na kukaliwa na familia 2,000 na kitu. Maji yalipaswa kuvutwa kwa pampu za dizeli, ambazo zilipoharibika wakati wa jua kali pamba ilikauka katika siku chache. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba mengi yalikuwa yamerudi kuwa vumbi. Malaria iliwasumbua sana wageni waliotoka nchi za baridi.

Liko jambo dogo la Bura ambalo halifai kupitwa. Wakaaji wapya walihitaji kuni, na ilihofiwa kwamba wangeumaliza msitu mwembamba wa ukingoni. Kwa hiyo ikapandwa miti ya kuni, na miongoni mwayo mti wa kigeni uitwao na wataalamu Prosopis juliflora. Mti huo haukukaa mahali ulipowekwa. Mbuzi na ng'ombe walikula maganda yake wakaeneza mbegu, na leo vichaka vyake vyenye miiba mikali vimeziba malisho na njia za maji kwa eneo kubwa kuliko skimu yenyewe. Watu wa Kenya huuita mathenge. Skimu iliyokusudiwa kuigeuza nyika kuwa shamba ilifanikiwa kuigeuza, lakini si kwa pamba.

Katika Delta yenyewe, Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Tana, iliyoundwa mwaka 1974 na kupewa bonde la Athi pia mwaka 1981, ilianzisha shamba kubwa la mpunga kwa msaada wa mkopo wa Japani. Kiini cha ufundi wake kilikuwa tuta. Mashamba yalizungushiwa matuta ya udongo ili gharika isiingie, kisha maji yakaingizwa ndani kwa mfereji, kwa kipimo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti ya fikira mbili, kwamba mpunga ule ule ambao Mpokomo aliupanda kwa kuikaribisha gharika, mhandisi aliupanda kwa kuifukuza. Vijiji vya jirani kama Wema, Hewani na Kulesa vilijikuta nje ya tuta. Katikati ya miaka ya 1990 Mamlaka ilipewa hati ya hekta zaidi ya 28,000, na watu waliozaliwa ndani ya eneo hilo wakawa, kwa macho ya sheria, wavamizi. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilishuka, na mto ukayabomoa matuta. Sehemu kubwa ya shamba ikaachwa.

Yaliyofuata yalitokana na kugawanyika kwa ardhi kulikotangulia. Serikali ilipoanza kupima mashamba ili kutoa hati kwa wakulima, Waorma waliona kwamba kila hati ingeziba malka, na mwaka 2001 mapigano yakatokea. Mwaka 2008 ukaja mpango wa miwa wa karibu hekta 20,000, kwa shirika kati ya Mamlaka na kampuni ya sukari, na mamlaka ya mazingira ikautolea kibali. Wakaazi na vyama vya hifadhi wakaenda Mahakama Kuu, ambayo iliusimamisha kwa muda, kisha mwaka 2009 shauri likatupwa kwa kasoro ya utaratibu, si kwa uzito wa hoja. Kiwanda hakikujengwa. Lakini makampuni mengine nayo yalikuwa yakiomba ardhi, na malisho ya kiangazi yalizidi kuonekana kuwa bidhaa. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Waorma cha Reketa kilishambuliwa, watu karibu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Visasi vikafuatana hadi mwanzo wa mwaka 2013, na waliokufa kwa jumla wakapita 100. Magazeti ya nje yaliandika kwamba ni uadui wa asili kati ya mkulima na mfugaji. Maelezo hayo ni mepesi mno. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, na silaha zilikuwamo. Lakini watu hao walikuwa wamegawana gharika moja kwa vizazi vingi, na walianza kuuana kwa wingi baada ya gharika kupungua na malka kuzibwa.

Katikati ya msiba huo, mwezi Februari 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hukumu katika shauri lililoletwa na wakaazi wa Delta dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengineo. Mahakama iliona kwamba wakaazi wana haki ya kushiriki katika kuamua matumizi ya Delta, ikaamuru utengenezwe mpango wa matumizi ya ardhi kwa kushiriki kwao kikamilifu. Msingi wa hukumu ulikuwa Katiba ya mwaka 2010, ambayo huitaja ardhi ya jamii katika ibara ya 63 na ushiriki wa wananchi katika ibara ya 10. Mwaka 2010 pia Kenya ilikuwa imepata pigo la kisheria katika shauri la Waendorois wa Ziwa Bogoria, ambapo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliona kwamba walitolewa katika ardhi yao isivyo haki. Hali ya hewa ya sheria ilikuwa imebadilika.

Hapa yatokea swali la jina, ambalo kwa wasomi wa lugha si dogo. Ni nani mwenyeji asilia wa Tana? Kiswahili cha kale humjua mwenyeji kuwa kinyume cha mgeni, tena ni neno lenye wajibu, kwa maana mwenyeji ndiye mwenye kupokea. Neno asilia liliongezwa baadaye, kwa kufuata lugha ya mashirika ya dunia. Benki ya Dunia iliandika kanuni yake ya kwanza juu ya watu wa namna hiyo mwaka 1982, miaka mitano baada ya mkopo wa Bura, na ilikuwa juu ya makabila yaliyojitenga. Mwaka 1991 ikaipanua. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, Tanzania ilikubali, Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Katiba ya Kenya katika ibara ya 260 huwataja wenye maisha ya uwindaji na uokotaji, na huwataja wafugaji, kuwa miongoni mwa jamii zilizotengwa. Kwa tafsiri hiyo Mwata ana mlango wake na Mworma ana wake. Mpokomo, kwa kuwa analima, hana budi kutafuta mlango mwingine. Hivyo kinga yenyewe, iliyotungwa kwa nia njema, huwagawanya tena watu ambao riziki yao ilikuwa moja. Ulinzi uliofaa bondeni ulikuwa wa gharika na wa mapatano juu yake, si wa kabila hili au lile peke yake.

Vivyo hivyo katika neno kushirikisha, ambalo limejaa katika maandiko ya miradi ya siku hizi. Kwa umbo lake ni kitenzi cha kusababisha: yuko anayeshirikisha, na yuko anayeshirikishwa, mtenda ni ofisi, na mwananchi ni mtendwa. Kushirikiana ni neno jingine kabisa. Taarifa za athari za mazingira za Tana ziliandikwa kwa Kiingereza, zikaelezwa barazani kwa Kiswahili, na zikajadiliwa nyumbani kwa Kipokomo, Kiorma na Kiwata. Katika safari hiyo ya lugha mengi huanguka njiani. Mzee aliyeambiwa kwamba maji “yatadhibitiwa” aliweza kuitikia kwa furaha, akidhani kwamba mto hautabomoa tena nyumba yake, bila kufahamu kwamba shamba lake la mpunga ndilo lililokuwa likisemwa. Kuhudhuria kwake kuliandikwa katika daftari kuwa ni ridhaa.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ulikamilishwa mwaka 2015, na katika kuutengeneza yalitendeka mambo ambayo Bura haikuyajua. Kamati za vijiji zilikaa, Wapokomo na Waorma na Wawata. Wafugaji walizitaja malka kwa majina, nazo zikatiwa katika ramani. Mahali pa mpunga wa gharika na malisho ya kiangazi palipewa mipaka. Delta ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu yenye kulindwa kwa mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria mpya ya Maji, nayo imeendelea kusema kwamba maji ni ya taifa, yakishikwa na serikali kuu kwa amana ya wananchi; na kibali bado hutolewa kwa mwenye kuchota. Mpango wa Delta huanza na kuishia katika Delta. Masinga na Kiambere yako nje ya mipaka yake, mamia ya kilomita juu ya mto, na malango yake hufunguliwa kwa hesabu ya umeme. Ramani zina malka zote kwa majina yake, kutoka nyikani hadi ukingoni, na ukingoni ndipo zinapokoma.